Wasifu wa mama katika nyumba ya mwanajeshi: jibu kwa msomaji wa Igoma

Swali: Mama yetu alifariki mwaka jana, na familia inajiandaa kwa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja hapa Igoma, Mwanza. Baba ni mwanajeshi mstaafu, alipigana vita vya Kagera, na yuko hai. Walifunga ndoa mwaka 1970, wakaishi Tabora, Nachingwea na Musoma kabla ya kurudi Mwanza, ambako mama aliuza dagaa sokoni hadi nguvu zilipomwishia. Tunataka kuchapa kijitabu cha maisha yake tuwagawie ndugu, lakini kila tukiandika tunajikuta tunaandika historia ya baba: vyeo, vikosi na uhamisho. Habari za mama zinaishia kwenye "alikuwa mpole, mcha Mungu na mwenye upendo". Kaka mkubwa anasema baba alirudi kutoka Uganda mwaka 1979, dada anasema ni 1981. Kuna pia watoto wawili wa rafiki wa baba ambaye hakurudi vitani. Mama aliwalea pamoja nasi, na baadhi ya ndugu hawataki waorodheshwe kama watoto wa marehemu. Tuanzie wapi, na mambo magumu tuyaandike au tuyaache?

Jibu: Dada yangu, pokea pole zangu, wewe, ndugu zako na mzee, kwa kuondokewa na mama. Mwaka mmoja ni muda mfupi kwa msiba wa mzazi, lakini kwa kazi mnayotaka kuifanya ni wakati mzuri, kwa sababu matanga yamekwisha, wageni wa mbali wamerudi makwao, na watu sasa wanaweza kukaa na kukumbuka bila kuharakishwa na ratiba ya mazishi.

Nianze na hayo maneno ya "mpole, mcha Mungu na mwenye upendo". Msiyaonee haya, kwa maana hayakuwa uongo. Wasifu unaosomwa makaburini huandikwa usiku mmoja, mara nyingi na kijana yeyote anayeweza kuchapa haraka, huku ndugu wakimsomea majina kutoka kila upande wa turubai, na kazi yake ni kuwajulisha waombolezaji anazikwa nani, alizaliwa wapi na ameacha watoto na wajukuu wangapi. Kijitabu kina kazi nyingine. Mjukuu ambaye leo hajazaliwa akikisoma amjue bibi huyu, asimchanganye na bibi mwingine yeyote wa Igoma. Kwa kipimo hicho, sentensi ambayo ingeweza kuhamishiwa kwenye kijitabu cha mama wa jirani bila kubadilishwa neno, bado haijasema kitu, hata kama ni ya kweli.

Sababu ya baba kuijaza kila karatasi inaeleweka, wala si dharau kwa mama. Jeshi huandika. Tangu siku mzee alipoapa mpaka siku alipostaafu, kila hatua yake ilipata tarehe, sahihi na mhuri. Mama naye alihama kila mzee alipohamishwa, lakini hakuna aliyempa barua ya uhamisho; alibeba wajibu ulioongezeka mwaka hadi mwaka, lakini hakuna aliyempandisha cheo; na hakupata siku ya kustaafu. Mnapokaa mezani kuandika, karatasi zote zilizo mbele yenu ni za baba, na kalamu hufuata karatasi. Ushauri wangu mkuu, ambao mengine yote yanautegemea, ni kwamba faili la baba mlitumie kama kalenda tu. Tarehe zake ziwasaidie kujua mama alikuwa wapi, akiwa na watoto wangapi, katika msimu gani. Kisha kila aya imfuate mama, yeye ndiye awe mtenda wa jambo.

Chukueni mfano wa uhamisho wa Nachingwea. Katika rasimu yenu nadhani umeandikwa kwa mstari mmoja: baba alihamishiwa Nachingwea mwaka fulani. Sasa jiulizeni mama alifikaje huko kutoka Tabora. Treni ya reli ya kati ilimfikisha Dar es Salaam, na baada ya hapo safari yenyewe ndiyo kwanza ilianza, kwa sababu Mto Rufiji haukuwa na daraja; daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, na kabla yake watu walivuka kwa kivuko, tena wakati wa masika barabara ya kusini ilikuwa haipitiki kwa vipindi virefu. Je, alipita Rufiji, au alipanda meli hadi Lindi au Mtwara? Alikuwa na baba, au baba alitangulia na kumwacha afunge nyumba peke yake? Nani alikuwa mgongoni, na nani alishikwa mkono? Vyombo gani vilibebwa, na vipi viliachiwa majirani? Mwanamke aliyetoka pwani ya ziwa, aliyezoea sato na viazi vitamu, alipika nini wiki ya kwanza kule kusini, na alimwendea nani kuomba chumvi? Mkipata majibu ya nusu tu ya maswali haya, mtakuwa na ukurasa mzima ambao baba anatajwa mara moja, nao utasema zaidi juu ya upendo wa mama kuliko neno "upendo" lenyewe.

Kuhusu ushahidi wa maandishi, mama yenu ameacha zaidi ya mnavyodhani, ila umetawanyika katika karatasi zisizobeba jina lake juu kabisa. Kwa kuwa familia yenu ni ya Kikatoliki, anzeni parokiani alikobatizwa. Rejesta ya ubatizo ina jina lake, majina ya wazazi wake na ya msimamizi wake wa ubatizo, na kwa taratibu za Kanisa, pembeni mwa maandishi hayo huongezwa baadaye habari za kipaimara na za ndoa. Kwa hiyo ukurasa mmoja unaweza kuwapa usichana wake na ndoa yake kwa pamoja, kabla jeshi halijaingia katika maisha yake kama habari kuu. Kisha vikusanyeni vyeti vya ubatizo vyenu ninyi watoto na kuvipanga kwa tarehe. Mahali alipobatizwa kila mmoja ndipo mama alipokuwa akiishi wakati huo, au ndipo alipokuwa amerudi kujifungulia, na tofauti kati ya hayo mawili ni jambo la kuuliza. Kadi za kliniki, kama zipo, hufanya kazi hiyo hiyo kwa usahihi zaidi, maana huonyesha mwezi hadi mwezi. Picha za studio zigeuzeni nyuma, kwani wapiga picha wengi wa zamani walipiga mhuri wa studio na mji. Na lile sanduku la bati, ambalo karibu kila nyumba ya mwanajeshi inalo, lifungueni lote mpaka chini, kwa utulivu, mzee akiwepo.

Sasa vita. Kaka na dada hawana sababu ya kugombana, kwa sababu inawezekana wote wawili wana kumbukumbu ya kweli. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala iliangukia mikononi mwa JWTZ na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nalo tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mwaka huo wanajeshi wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Lakini si wote waliorudi mara moja. Maelfu walibaki Uganda kulinda usalama, na wa mwisho waliondoka mwaka 1981. Inawezekana kabisa kwamba baba alikuja nyumbani kwa likizo mwaka 1979, watu wakashangilia, kaka akakumbuka sherehe hiyo. Kisha akarudi kazini Uganda, na dada akakumbuka siku aliporudi moja kwa moja. Mwulizeni mzee swali kwa namna hiyo, bila kumwambia kuna ubishi, kisha linganisheni na tarehe za kuzaliwa za wadogo zenu. Mkiona barua au vyeti vya miaka hiyo vinavyotaja mkoa wa Ziwa Magharibi, msishangae: ndilo lililokuwa jina la mkoa ambao baada ya vita uliitwa Kagera.

Lililo muhimu zaidi kwa kijitabu chenu ni miezi hiyo ilivyopita upande wa mama. Kama wakati huo alikuwa Musoma au alikuwa amerudi kwa wazazi wake Mwanza, basi hakuwa mbali na vita kama wanavyodhani vijana wa leo. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ililenga Mwanza, na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama waliokuwa wakifugwa hapo. Nalitaja tukio hili kwa sababu ya kazi linaloweza kuwafanyia. Wazee wengi hawakumbuki tarehe, lakini wanakumbuka walikuwa wakifanya nini habari hiyo ilipoenea mjini. Ukimwuliza mama mkubwa "mwaka 1979 mama alikuwaje", atakujibu "alikuwa na wasiwasi, mwanangu", na mazungumzo yataishia hapo. Ukimwuliza "siku mabomu yalipoanguka Saanane, mama alikuwa wapi, na watoto aliwapeleka wapi", utapata nyumba, jirani, saa, na pengine maneno aliyoyasema mwenyewe. Mfanye hivyo hivyo kwa miaka mingine: je, walikuwa wamekwisha kuhamia Igoma walipozikwa pale waliokufa katika ajali ya MV Bukoba ya Mei 1996? Mzee yeyote wa Igoma analijua jibu la swali hilo, na mama alikuwa akifanya nini wiki ile atakumbuka pia.

Kuna swali moja la vita ambalo familia nyingi huwa hazilifikirii, na kwangu mimi ndilo lenye mavuno makubwa kuliko yote: ni nani alikuwa akimwandikia mama barua na kumsomea za baba? Pengine alisoma mwenyewe. Mwaka 1970, ambao ndio aliolewa, ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima nchini, na Mwanza tayari ilikuwa makao ya mradi wa kisomo wa UNESCO wa kanda ya ziwa ulioanza mwaka 1968, kwa hiyo wanawake wa rika lake waliojifunza kusoma wakiwa na watoto mgongoni ni wengi. Kama ni mmoja wao, jambo hilo linastahili aya yake, pamoja na jina la darasa na la mwalimu iwapo mtalipata. Kama hakujua kusoma, basi kulikuwa na mtoto wa jirani, au katekista, au mke wa mwanajeshi mwingine, aliyekaa naye na kuandika yale aliyotaka mumewe ayasikie na kuyaacha yale aliyomkataza kuyaandika. Mtu huyo, kama yuko hai, anajua mambo ya mama yenu ambayo hata baba hayajui, kwa mfano mtoto gani aliugua na mama akasema "hilo usimwandikie, atashindwa kulala".

Baada ya vita ilikuja miaka ya kufunga mkanda. Mwalimu Nyerere aliomba wananchi miezi 18, na dhiki ikaendelea kupita hapo. Foleni za sukari na sabuni, na ule unga wa njano ambao watu waliubandika jina la Yanga. Msiuandike uchumi wa taifa. Andikeni sufuria ya nyumba yenu: mama alipika nini wakati sukari haipo, alifulia nini sabuni ilipoadimika, alikuwa katika upatu na akina mama gani, zamu yake ilipofika alinunua nini, na mshahara wa baba ulimfikiaje wakati baba mwenyewe hayupo. Hapo ndipo mtakapokutana na maamuzi yake. Mke wa mwanajeshi aliyeachwa na nyumba alikuwa akiamua mambo makubwa kila wiki, kumtoa mtoto shule moja na kumpeleka nyingine, kukopa, kuuza, kumpokea mgonjwa, na alijua kwamba mume atakaporudi atayakuta yamekwisha kufanyika. Moyo wa mama unaonekana katika maamuzi hayo kuliko katika sifa zozote.

Nikuonyeshe kwa karibu ninachomaanisha, kwa kutumia dagaa uliowataja. Sentensi ya kawaida ingesema: "Mama alikuwa mchapakazi, aliuza dagaa ili kuwasomesha watoto." Sasa ulizeni waliokuwa wakiuza naye. Alinunua wapi, Mwaloni kule Kirumba au kwa wachuuzi waliomletea? Alitoka nyumbani saa ngapi? Dagaa wa ziwa letu huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kali mavuno hupungua, bei ikapanda; kwa hiyo mapato ya mama yalifuata mwezi wa angani, ilhali ada za shule zilifuata kalenda ya serikali. Alizibaje pengo hilo? Alipima kwa kisado au kwa kopo, alijaza mpaka kilele au alisawazisha kwa kiganja? Nani alipewa nyongeza hata bila kuomba? Aya inayotokana na majibu hayo inaweza kusomeka hivi: "Wiki za giza alinunua wengi na kuwaanika upya juu ya turubai uani, akiweka akiba ya gunia moja ambalo hakuruhusu liguswe mpaka mwezi ujae, kwa sababu gunia hilo ndilo lililokuwa ada ya muhula. Wajane wa kota waliokuja kununua kopo moja waliondoka na kopo na konzi, naye aliitia konzi hiyo huku akiuliza habari nyingine, ili isionekane ni msaada." Mambo hayo nimeyatunga mimi kuonyesha njia, ya kwenu yatakuwa tofauti, na msiweke hata moja ambalo halijathibitishwa na mtu aliyeliona. Lakini tazama kwamba neno "mchapakazi" halimo, wala "mwenye huruma" halimo, na msomaji ameyapata yote mawili.

Kuhusu wale watoto wawili, nitasema bila kuzunguka: waandikeni. Mama aliwalisha, aliwavisha, aliwapeleka kliniki na shuleni, na kama kijitabu ni cha maisha yake, kuwaondoa ni kukata sehemu ya maisha yake iliyomgharimu zaidi. Najua hofu ya ndugu wanaokataa, na mara nyingi haitajwi waziwazi: wanaogopa mirathi. Waelezeni kwamba kijitabu cha kumbukumbu si hati ya mirathi. Kuasili mtoto kisheria huhitaji amri ya mahakama, na mali ya marehemu hugawanywa na msimamizi wa mirathi chini ya mahakama. Ukurasa wa kumbukumbu hauongezi wala haupunguzi haki ya mtu yeyote. Andikeni ukweli kama ulivyo, kwa heshima: kwamba alizaa watoto kadhaa, na kwamba aliwalea kama wake watoto wawili wa askari mwenzake baba ambaye alifia vitani. Lakini kwanza waulizeni wenyewe wangependa waandikweje, na baba yao mzazi atajwe kwa jina au la. Kama amezikwa katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, wilayani Muleba, na wao wakiridhia, semeni hivyo, ili watoto wao siku moja wajue pa kwenda. Tena waombeni kila mmoja aandike ukurasa wake mwenyewe juu ya siku walipofika nyumbani kwenu. Mtoto aliyepokelewa huikumbuka siku hiyo kwa namna ambayo ninyi mliozaliwa humo ndani hamwezi: alikalishwa wapi, alipewa sahani gani, alilala ubavuni mwa nani. Nadhani kurasa hizo mbili zitakuwa nzito kuliko zote katika kijitabu chenu.

Umeuliza pia juu ya mambo magumu, bila kuyataja. Katika nyumba za waliotoka vitani mara nyingi ni yale yale: mzee aliyerudi akiwa mkimya, au mkali, au akishtuka usiku, au akizamia pombe kwa miaka kadhaa, na mama akiyabeba hayo mbele ya watoto. Kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, nina mambo mawili ya kusema. La kwanza, mzee yuko hai, na habari yake haiwezi kuchapwa bila yeye kuisikia na kukubali. Mtoto mmoja anayesikilizana naye akae naye faraghani, amsomee aya yenyewe, na akikataa, iondoke. La pili, akikubali, msiandike ugonjwa ambao daktari hakuupa jina, wala msimhukumu baba. Andikeni alichofanya mama: kwamba kwa kipindi fulani aliwafundisha watoto wasimwamshe baba kwa kumgusa, bali wamwite kwa jina wakiwa mlangoni, au kwamba alikwenda kwa padri, au kwa shemeji mkubwa, kuomba msaada. Nimeona wastaafu wakilia kwa shukrani waliposomewa aya za namna hiyo, kwa sababu kwa miaka yote hawakuwahi kupata njia ya kumwambia mke kwamba waliona alichokuwa akifanya. Ugomvi na mawifi, maneno ya ukweni, nani alimkosea nani wakati wa mahari, hayo yaacheni, isipokuwa yale yaliyobadili njia ya maisha yake.

Tahadhari za kijeshi ni chache lakini msizipuuze. Miji mliyoishi inatosha kutajwa. Namba za vikosi, mpangilio wa kambi na picha zinazoonyesha majengo ya jeshi visiingie, kwa kuwa maeneo hayo yanalindwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, na kijitabu kikishapigwa picha kwa simu hamtaweza kukirudisha. Picha ya mama akiwa uani kwake kota, amesimama mbele ya ukuta na kamba ya nguo, haina tatizo. Nasikia pia katika misa kama hizi wajukuu hupenda kuvaa kombati kumheshimu babu. Wakatazeni. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa waliokuwa nazo kuzisalimisha. Nishani za mzee avae mzee mwenyewe.

Jambo la jina nalo liangalieni. Kota nzima ilimwita mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na ninyi mmemwita mama, na kwa hiyo inawezekana kijitabu kizima kikaandikwa bila jina lake la kuzaliwa kutokea zaidi ya mara moja. Katika sura za usichana wake mwiteni kwa jina lake hilo, lile alilopewa na wazazi wake, na mweleze alirithi la nani. Alikuwa binti wa watu, mwenye mashamba aliyolima na rafiki aliocheza nao ngoma, miaka mingi kabla ya kijana mwenye sare kuja kubisha hodi kwao. Sura hiyo ndiyo nyembamba kuliko zote katika kumbukumbu nyingi ninazohariri, kwa sababu watoto hawakuwepo. Ongezeni bidii hapo.

Ukubwa wa kijitabu hauna haja ya kunihangaisha mimi wala ninyi. Kurasa 20 za kweli zinatosha, na katika misa isomwe sehemu moja tu fupi, na msomaji mmoja ambaye sauti yake haitakatika. Mzee apewe ukurasa wake, aseme kwa maneno yake juu ya mkewe, na msiyasahihishe kwa kuyafanya ya kifasihi. Vyeo vyake na tarehe zake ziwekeni mwishoni, katika ukurasa mmoja, ili asihisi amefutwa. Rasimu ikikamilika isomwe mbele ya watu watatu angalau: mzee, mwanamke mmoja aliyeishi naye kota, na ndugu mmoja wa upande wa mama.

Huyo wa mwisho ndiye wa kuanza naye. Kama mama mkubwa yuko hai, nendeni kwake wiki hii, mtu mmoja au wawili, si msafara, mkiwa na simu yenye chaji ya kutosha kurekodi na picha za zamani za kumwonyesha moja moja. Mwacheni aanze popote anapotaka. Rejesta za parokia zinaweza kusubiri mwezi ujao.